Mama Funguo na Chumba Kilichochelewa Kukauka

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa ndani ya pochi. Pale chuoni, kuanzia walimu mpaka mafundi wa taa, kila mtu alimwita Mama Funguo, kwa sababu alitembea na pete ya chuma kiunoni yenye funguo sitini na tatu, na ungemsikia kabla hujamwona. Alikuwa mhudumu wa jengo la uhandisi. Kwa miaka ishirini na minne alifungua milango ya jengo lile saa kumi na mbili asubuhi na kuifunga saa kumi na mbili jioni. Katikati ya hapo alifagia, akapiga deki, akafuta mbao za walimu, akajaza sabuni vyooni, na akawakemea wahandisi watarajiwa waliokanyaga sakafu mbichi kana kwamba kwao hakuna sakafu. Alikuwa mfupi, na mwendo wake ulikuwa wa haraka kama wa mtu aliyekumbuka kuwa ameacha sufuria motoni.

Asubuhi moja ya mvua, wiki ya tatu ya muhula, alikwenda chini ya ngazi kuchukua brashi ya kusukumia maji. Pale ndipo alipoweka ndoo zake. Juu ya ndoo moja iliyopinduliwa alimkuta msichana amekaa, kichwa kimeegemea ukuta, amelala fofofo. Miguu alikuwa ameifunga kwa gazeti, viatu vyake viko pembeni vinachuruzika. Ubavuni mwake kulikuwa na kipande kirefu cha bomba la maji, lile la plastiki, limezibwa kwa vifuniko huku na huku na kutiwa mkanda wa kuvalia begani.

Mama Funguo alimjua kwa sura. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa michoro ya majengo, na wenzake walimwita Bomba kwa ajili ya ile ala yake ya kubebea michoro. Wengine walikuwa na mirija ya dukani, yenye zipu. Yake alitengenezewa na baba yake, ambaye ni fundi bomba. Kwa bahati mbaya kifuniko kimoja kilikuwa kimelegea njiani, maji yakaingia, na kazi ya wiki mbili ikawa uji.

"Mwanangu," Mama Funguo alimwamsha, "mbona unalala na ndoo zangu?"

Msichana alishtuka, akaomba radhi, akaanza kukusanya viatu. Mama Funguo akamkalisha tena. Akamfungulia chupa yake ya chai, akampa kitambaa kikavu, na kidogo kidogo akamtoa maneno. Bomba alikuwa ametoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili awahi kipindi cha maabara cha saa moja. Kipindi kilichofuata kilikuwa saa nane mchana. Kwenda nyumbani na kurudi ni saa nne barabarani, kwa hiyo hapakuwa na maana ya kwenda. Maktabani hawaruhusu mizigo, na bomba ni mzigo. Kantini ukikaa bila kununua kitu unatazamwa mpaka unajiona mwizi. Wenzake wanaokaa mabwenini wakimaliza kipindi huenda kujinyoosha vitandani mwao. Yeye alikuwa amejaribu benchi la nje, lakini siku hiyo benchi lilikuwa la mvua.

"Kila siku uko hivi?"

"Siku nne kwa wiki, mama. Ijumaa sina maabara."

Mama Funguo alichukua brashi yake akaenda kusukuma maji mlangoni, akayasukuma kwa nguvu kuliko yalivyostahili.

Sababu ilikuwa nyumbani kwake. Alikuwa amemlea binti wa marehemu mdogo wake tangu binti huyo ana miaka tisa. Utotoni alikuwa hanyamazi, akiamka ni maneno na akilala ni maneno, ndipo mume wa Mama Funguo, fundi saa mwenye masihara yake, akampa jina la Chiriku. Chiriku alikuwa na akili. Alipata nafasi katika chuo kingine, upande wa pili wa mji, kusomea takwimu, akawa anakwenda na kurudi. Mwaka wa kwanza ulipita. Mwaka wa pili akaanza kunyamaza. Mama Funguo alidhani ni utu uzima umeingia, hata akafurahi kidogo kwamba sasa anaweza kusikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho. Kumbe mtoto alikuwa ameacha chuo. Kwa miezi minne aliaga kila asubuhi, begi mgongoni, akaenda kukaa kwa rafiki yake aliyekuwa anashona mapazia, na jioni akarudi akasema amechoka. Siku ukweli ulipojulikana hapakuwa na ugomvi. Mama Funguo alishika tama tu. Kilichomuuma hakikuwa uongo. Aliumia kwamba yeye, anayeweza kutambua kitasa kibovu kwa mlio wake, aliishi na mtoto chini ya paa moja asitambue kitu.

Jioni ile ya mvua alimkuta Chiriku kwenye cherehani. Sasa alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na mapazia yalikuwa kazi yake mwenyewe. Katika miaka yote ile hawakuwa wamelizungumza jambo lile waziwazi. Mama Funguo alivuta kiti, akakaa na ndala zake miguuni, akamuuliza bila kuzunguka: wakati ule, ni kitu gani kingekufanya usiache?

Cherehani ilisimama. Chiriku alikunja na kukunjua pindo la pazia.

"Mahali pa kuweka begi," alisema. "Na mtu wa kuniuliza, jana ulikuwa wapi."

"Basi?"

"Basi, mama mkubwa. Masomo yalikuwa magumu kwa kila mtu. Lakini nilikaa wiki mbili bila kwenda, na niliporudi hakuna aliyejua kwamba sikuwepo."

Kesho yake Mama Funguo alijifunga kibwebwe.

Mwisho wa ukumbi wa chini kulikuwa na chumba namba nane. Ndani yake mlikuwa na viti vilivyovunjika, meza ya kuchorea isiyo na mguu mmoja, na vumbi. Ufunguo wake ulikuwa kwenye pete, katikati ya ule wa stoo na ule wa choo cha wageni. Alikwenda kwa Mlezi wa Wanafunzi kuomba chumba kile kiwe mahali pa kupumzikia wanafunzi wanaotoka nyumbani. Mlezi alikuwa bwana mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Alimsikiliza vizuri, akamwambia kwamba chuo kina shida nyingi za wanafunzi wasio na pa kulala, na hao anaowatetea kwa kweli wana bahati, kwa maana wana kwao. Hata hivyo akamshauri aandike barua. Chiriku akaiandika kwa mwandiko mzuri, Mama Funguo akatia sahihi, barua ikapokelewa na kugongwa muhuri. Halafu ikalala usingizi ambao Bomba alikuwa anautafuta.

Ulipita mwezi. Mama Funguo alikwenda kuulizia mara tatu, na mara zote aliambiwa inashughulikiwa. Mara ya nne hakwenda. Alifungua chumba namba nane, akatoa viti vilivyovunjika, akapiga deki.

Sasa chumba kikipigwa deki lazima kiachwe wazi kikauke. Hilo halina kanuni ya chuo inayolipinga. Alipopita mwalimu akauliza kwa nini chumba kile kiko wazi, Mama Funguo alimjibu kwa heshima zote kwamba amepiga deki, kinakauka. Kesho yake alipiga deki tena. Kikakauka wiki ya kwanza, kikakauka wiki ya pili, kikakauka mpaka wanafunzi wakaanza kuuliza wenzao, "Uko wapi?" na kujibiwa, "Niko nakauka."

Seremala wa chuo, aliyekuwa na deni la fadhila kwake tangu siku alipomtafutia msumeno uliopotea, aliitibu ile meza mguu wake na kutoa rafu tano kwenye mbao za viti vibovu. Rafu zikawa za mabegi. Juu kabisa Mama Funguo alipigilia vibao viwili vya kulazia michoro isikunjike. Akafunga kamba dirishani ya kuanikia vitu vilivyolowa. Na ukutani akabandika karatasi kubwa ya manila, akafunga kalamu nene kwa uzi, na juu yake Chiriku akaandika maneno aliyoambiwa: LEO UMETOKA NYUMBANI SAA NGAPI?

Mwanzoni waliandika kwa aibu, saa tu. Halafu wakaanza kuongeza neno. Saa kumi kamili, jogoo alikuwa bado amelala. Saa kumi na moja kasorobo, nimemwogesha bibi kwanza. Saa kumi na robo, kwetu maji yanatoka alfajiri tu. Mmoja aliandika saa tisa na nusu usiku, na chini yake mtu mwingine akaandika: wewe hukutoka, wewe hukurudi.

Mama Funguo hakuwa na elimu ya ushauri nasaha. Alikuwa na swali moja, lile alilopewa kwenye cherehani. Kila alipopita na fagio alisimama mlangoni, akazungusha macho, na yule ambaye hakumwona siku iliyotangulia alimwuliza, "Jana ulikuwa wapi?" Hakuuliza kama askari. Aliuliza kama mtu aliyekuwa amekuwekea chakula. Wengi walisema homa. Wachache walikaa kimya, na hao ndio aliowarudia baadaye, pembeni, wakati anafuta vioo ambavyo alikuwa ameshavifuta.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya soksi. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na kamba yote ya dirishani ilijaa soksi za kila rangi, baadhi na matundu yake. Mlezi wa Wanafunzi akapita na wageni waliokuja kulitazama jengo. Mmoja wa wageni aliuliza kwa nia njema kama chuo kinafundisha pia udobi. Mlezi hakucheka. Alasiri ile Mama Funguo aliitwa, akapewa barua ya onyo kwa kutumia mali ya chuo bila idhini, na ufunguo wa chumba namba nane ukatolewa kwenye pete yake, yeye mwenyewe akiwa ameishikilia pete. Katika miaka ishirini na minne hakuwahi kunyang'anywa hata ufunguo mmoja. Alirudi ukumbini akiona kama watu wote wanasikia kwamba mlio wake umepungua.

Nyumbani mumewe aliisoma barua kwa miwani yake ya kutengenezea saa, herufi kwa herufi. Alimwomba aachane na jambo hilo. Amebakiza miaka mitatu tu astaafu, kwa nini aiharibu?

"Miaka mitatu ni mingi," Mama Funguo alisema, "ya kupita mbele ya mlango ule nikiangalia chini."

Fundi saa alikunja barua akamrudishia. Kabla ya kuikunja alikuwa ameona mstari wa mwisho, akamwonyesha kwa kidole: mtumishi ana haki ya kujieleza mbele ya kamati. Basi, alimwambia, kama huwezi kunyamaza, hapo wamekuruhusu kusema.

Kabla kamati haijakaa, Bomba alipotea. Siku ya kwanza Mama Funguo alidhani ni mafua. Siku ya tatu aliwauliza wenzake, na ukweli ukatoka vipande vipande. Kulikuwa na kazi ya kundi, watu watano mchoro mmoja, na kundi lilikuwa linakutana mabwenini saa mbili usiku. Saa hiyo Bomba huwa ndiyo kwanza anavua viatu nyumbani kwao. Alikosa vikao vinne, na wenzake, bila chuki yoyote, wakaona hachangii, wakaliondoa jina lake. Tangu chumba kufungwa hakuwa na mahali pa kuwavizia mchana awaeleze.

Jumamosi Mama Funguo alivaa viatu vya kutokea. Mwanafunzi mmoja wa njia ileile alikuwa amemwelekeza: nyumba yenye tangi jeusi, nyuma ya mnara wa simu. Chiriku, ambaye hakuulizwa, alizima cherehani akasema anakwenda naye.

Baba yake Bomba aliwapokea kwa furaha iliyowachoma. Alikuwa mtu mkubwa, mikono imejaa makovu ya spana, na aliposikia wanatoka chuoni alifuta viti mara mbili. Akashukuru kwamba wamekuja kumjulia hali binti yake wakati huu chuo kimefungwa kwa wiki mbili. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Vikombe vikaanza kugongana.

Chuo hakikuwa kimefungwa hata siku moja. Mama Funguo alilitazama lile sinia, na akaona miezi minne ya nyumbani kwake ikipita mbele ya macho yake, begi na kila kitu. Ulimi ulimjia mwepesi wa kusema, akaumeza. Alisema tu kwamba likizo ni nzuri, mtu anapata kupumzika, na kama kuna nguo za kufua wao wageni si wa kukaa bure.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na blanketi limelowekwa. Wakalikamua watu watatu, Bomba upande mmoja, wao wawili upande wa pili, maji yakitiririka miguuni. Blanketi likageuzwa mara ya pili. Ndipo Chiriku akaanza, kwa sauti ya chini, akiwa anatazama mikono yake.

"Mimi niliaga miezi minne," alisema. "Nilikuwa natengeneza na chakula cha mchana. Kila siku nikisema kesho nitarudi darasani, au kesho nitamwambia mama mkubwa, lazima moja litakuwa. Unajua kilichonichosha? Si uongo. Kilichonichosha ni kuvaa viatu asubuhi bila kuwa na pa kwenda."

Bomba aliacha blanketi.

"Wewe una siku tano tu," Chiriku aliendelea. "Siku tano zinarudishika. Mimi nilizifikisha mia na kitu, na nilipotaka kugeuka nyuma, njia sikuiona tena."

Mama Funguo alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo. Alibaki ameshika upande wake wa blanketi, likizidi kuwa zito, na hakuthubutu kulitua wala kusema, asije akamkatiza. Alitamani kumwomba radhi pale pale. Lakini aliona kwamba Chiriku hakuwa anazungumza naye, alikuwa anazungumza na yule aliyehitaji, na kwamba kwa sasa kazi yake yeye mama mkubwa ni kushika blanketi.

Bomba alilia kidogo, akanawa uso bombani, akaingia ndani peke yake. Wao wakabaki nje. Kupitia dirishani walimsikia akimwambia baba yake yote: kundi, mabweni, saa mbili usiku, mchoro uliolowa. Kisha sauti nzito ya fundi bomba ikasema:

"Lile bomba nilikutengenezea mimi. Kama linavuja, si uniambie linavuja?"

Jumatatu Bomba alikuwa chuoni saa moja kasoro dakika tano, na vifuniko vya bomba lake vilikuwa na mpira mpya ndani ambao hata bahari isingepenya.

Kamati ilikaa Alhamisi. Watu watano upande mmoja wa meza, Mama Funguo upande wa pili peke yake. Alikuwa amevaa sare safi, na begani amevaa bomba la plastiki, aliloliazima. Wakampa dakika kumi ajieleze. Alisema dakika mbili zingetosha. Alikiri kwamba alifungua chumba, akakiri soksi. Halafu akafungua kifuniko, akavuta karatasi za manila, nne zilizojaa moja baada ya nyingine, akazitandaza mezani mpaka zikafunika vikombe vyao. Zilikuwa zake kwa haki. Siku chumba kilipofungwa aliambiwa atoe takataka zake ukutani, naye akazitoa.

Kati ya wajumbe alikuwemo mtu aliyejulikana kwa jina la Bwana Ratiba, kwa sababu ndiye aliyepanga vipindi vya chuo kizima. Alikuwa mwembamba, mwenye penseli sikioni, na inasemekana hata ndoto zake zilikuwa na mistari ya wima na ya ulalo. Mama Funguo alimwomba yeye awasomee wenzake, kwa kuwa amezoea kusoma saa.

Bwana Ratiba akasoma. Alisoma haraka, kama mtu anayehakiki orodha. Saa kumi na nusu. Saa kumi na moja kasorobo, nimemwogesha bibi kwanza. Saa kumi. Saa kumi na robo. Katikati ya karatasi ya pili akapunguza mwendo. Kwenye karatasi ya tatu akanyamaza, akaendelea kusoma kwa macho tu, penseli ikiwa mkononi.

"Kile kipindi cha maabara cha saa moja nilikiweka mimi," alisema mwishowe. "Nilijua wote wanatoka hapo bwenini. Dakika sita kwa mguu."

Mlezi wa Wanafunzi aliuliza ni wangapi hawa, kwa maana ofisi yake ilikuwa inajua kama thelathini. Mama Funguo akajibu kwamba kwenye karatasi amehesabu miandiko ya watu mia moja na kumi na wawili, na hao ni wa jengo moja, tena wale tu waliopita wakati anapiga deki. Mlezi alisogeza kikombe chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameulizwa miaka mingi na wasio na vitanda, akasahau kwamba mwenye kitanda kilicho umbali wa saa mbili, naye mchana hana kitanda. Lakini pia hakupenda kufundishwa mbele ya wenzake.

"Mama," alisema, "kwani wewe ni nani kwa wanafunzi hawa?"

Mama Funguo aliweka mikono yake mezani, ile mikono iliyopauka kwa sabuni.

"Mimi ndiye ninayefungua asubuhi na kufunga jioni," alisema. "Nawaona wanavyoingia, na nawaona wanavyotoka. Na wakiacha kuingia, mheshimiwa, nyinyi mtajua mwisho wa mwaka. Mimi najua kesho yake."

Akaomba ruhusa kurudi kazini, maana ukumbi wa juu haujafagiliwa.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, na hayakuwa yote matamu. Onyo lilibaki kwenye faili lake. Chumba namba nane kilifunguliwa rasmi, kikapewa kibao mlangoni na kanuni saba, ya tano ikiwa kwamba soksi ni marufuku. Maabara ya saa moja ilihamia saa tatu. Kuhusu kazi za makundi, Bwana Ratiba alizunguka mwenyewe ofisi kwa ofisi akiwaomba walimu watenge saa mbili za mchana kwa ajili hiyo. Wa uhandisi walikubali. Wengine walisema watalifikiria, na bado wanalifikiria.

Bomba hakuokoa kila kitu. Ile kazi ya kundi aliipata sifuri, somo lile akalirudia, akamaliza miezi sita nyuma ya wenzake. Siku ya mahafali baba yake alikuja na suti iliyombana mabega, akamshika Mama Funguo mkono kwa mikono miwili, akamwambia kama jengo lake lina bomba lolote linalosumbua, amwite hata usiku wa manane. Mabomba yaliyokuwa yanasumbua yalikuwa kumi na moja. Alikuja Jumamosi iliyofuata akayamaliza yote, na hakutaka hata chai.

Na Chiriku? Mama Funguo alimwomba radhi jioni moja wakiwa wanapepeta mchele, kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangemshinda. Chiriku alimwambia wote wawili walikuwa wanajificha, basi wasameheane. Mama Funguo akapata ujasiri, akagusia kwamba siku hizi vyuo vinapokea hata watu wazima. Chiriku akatikisa kichwa.

"Nikirudi, mama mkubwa, nitarudi kwa sababu zangu. Usinifanye mwisho mzuri wa hadithi yako."

Hakurudi. Lakini alishona mapazia ya chumba namba nane, na kila Jumatano mchana alifunga duka lake akaenda kukaa mle na kazi ya mkono, akiwauliza watu jana walikuwa wapi. Wanafunzi walisema yule dada wa Jumatano akianza kusimulia, utakosa kipindi. Mama Funguo aliyasikia hayo akiwa na ndoo mkononi nje ya mlango, akasimama kidogo, akaenda zake.

Alipobakiza miezi minane kustaafu aligundua jambo jingine. Jumamosi maktaba ilifungwa saa sita mchana, wakati wanaotoka mbali ndiyo kwanza wanafika. Alikwenda kwa mkutubi mkuu, mama mmoja mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Mkutubi alimsikiliza, akasema jambo lenyewe lina maana, akamshauri aandike barua.

Mama Funguo akamwambia barua ameshaiandika, hii hapa. Na kwa kuwa leo ni siku yake ya mapumziko na hana haraka yoyote, angependa kusubiri majibu hapa hapa. Akavuta kiti, akakaa, akaweka pochi mapajani.